Sinia la Kwanza

Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba hata nikipewa zawadi, kwanza naigeuza nione upande wa chini. Ni kweli, na sioni aibu. Mtu aliyeishi Bunda miaka ile ya shida akatoka bila kujifunza kushuku, huyo ama alikuwa mtoto mchanga ama ndiye aliyekuwa akishukiwa.

Nilizaliwa Kitaji, Musoma, nikaolewa Nyasura na fundi cherehani. Tuliishi na mama yake, mjane mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya moshi. Asili ya wazee wake ilikuwa Ujiji. Waislamu wa mji wetu wengi walikuwa hivyo, watu wa kutoka kwingine: huyu Mmanyema, yule Mnubi, mwingine baba Mwarabu na mama Mjita. Wakulima wa pamba na wafugaji waliotuzunguka walikuwa na koo zao, na ng'ombe wa kujivunia, na makaburi ya mababu. Sisi tulikuwa na Maulidi.

Kwingine Maulidi husomwa usiku. Kwetu yalisomwa mchana, kwa sababu mafuta ya taa yalipoadimika wazee waliyahamisha, na hata umeme ulipokuja hakuna aliyekumbuka kuyarudisha. Asubuhi mkeka mmoja ulitandikwa mbele ya msikiti, na kila nyumba ilikuja na mchele wake ikaumwaga pale. Ukishamwagwa, haujulikani tena upi wa tajiri na upi wa maskini. Dume la ng'ombe lilitolewa na mkulima mmoja wa nje ya mji, mtu asiyekuwa Mwislamu wala Mkristo, ambaye baba yake aliwahi kuuguzwa na watu wa msikiti wetu. Alilileta mwenyewe kwa miguu, akasimama kando kumtazama maalim wa msikiti akichinja, halafu akakaa chini kula na wengine kama mtu wa nyumbani.

Na kulikuwa na sinia la kwanza. Chakula kikiiva, hakuna aliyenawa mpaka mpishi mkuu apakue sinia moja, alibebe mwenyewe kichwani, wazi, bila kawa, alipeleke kwenye nyumba iliyopata mtihani mkubwa kuliko zote mwaka huo. Anaketi, anakula na wenye nyumba. Sinia likianza kuliwa pale, ndipo mji mzima unanawa. Wazee walisema hiyo ndiyo njia ya kumwambia aliyepatwa kwamba hatuli mpaka wewe ule. Nilikuwa sijasikia hata nyumba moja iliyowahi kulikataa.

Mpishi mkuu alikuwa mama mkwe wangu. Mwiko wa Maulidi, mti wa mninga, ulifika kifuani nikiusimamisha, na ulikaa nyuma ya mlango wa chumba chake. Aliupokea kwa mama yake. Hakuwa na shamba, hakuwa na ukoo wa kumtetea, na mwanawe alikuwa fundi wa kushona viraka. Mwiko ule ndio uliofanya watu wasimame kumsalimu anapopita. Siku ambayo wangempokonya angebaki kikongwe mmoja tu wa Nyasura, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Masufuria yenyewe, makubwa ya kumwogesha mtoto wa shule ndani yake, yalitunzwa kwenye stoo ya mwenye duka, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Ufunguo mmoja alikuwa nao mwenye duka, wa pili mama mkwe.

Mwaka ninaousema ni ule wa msako wa walanguzi. Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai. Unga ulikuwa wa yanga, wa njano, wa msaada, na watoto walilia wakiuona. Ukiwa na kitenge kipya ulikivaa chini ya kikuukuu. Musoma ilisemekana watu walitupa mali ziwani kwa kuogopa kukamatwa, hata wakatania kuwa sato wa mwaka ule wananukia sabuni. Mgambo walipekua nyumba, na kila mtu alijua kuwa mgambo hawaoti ndoto. Kuna mtu anawaambia. Jirani akikohoa, ulijiuliza anamkoholea nani.

Maulidi yalipokaribia, mama mkwe alikwenda stoo kukagua masufuria yake, kama ilivyokuwa desturi. Alirudi uso unang'aa.

"Mwanangu, nilikuwaga namdhania yule bwana mchoyo," aliniambia akiketi kwenye kigoda. "Kumbe ana moyo! Ametuwekea sukari. Sufuria la pili limejaa mpaka mdomoni. Chai ya Maulidi mwaka huu tutainywa kama watu."

"Amekwambia ni ya Maulidi, mama?"

"Iko ndani ya sufuria la Maulidi. Ulitaka apige mbiu?"

 Kwake yeye kilichotiwa ndani ya sufuria la Maulidi kilikuwa cha Maulidi, hapakuwa na maana nyingine. Haikumpitia akilini kabisa kwamba mfanyabiashara anaweza kuficha mali ya magendo mahali pale kwa sababu ni mahali ambapo hata mgambo wangeona haya kupafunua. Kabla sijapata maneno ya kumzuia, alikuwa ameshachukua ndoo yake na kwenda bombani. Aliwatangazia wanawake wote habari njema, na alimwombea dua mwenye duka papo hapo kwa sauti yake ile.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Kitaji kumwona mama yangu aliyekuwa na homa. Nilipita nyumbani kwa dada wa yule mke wa mwenye duka, maana ni mtaa mmoja na kwetu. Uani palikuwa na sanduku la njumu, la mbao nzito, misumari ya shaba. Nililijua. Mke wa mwenye duka ndiye aliyelitoa nilikalie siku nilipopokelewa Bunda bi harusi, na kifuniko chake kilikuwa na alama ya pasi iliyounguza. Dada mtu aliponiona alilitupia kanga, akaniuliza habari za safari. Niliona ajabu, nikajibu habari za safari. Nashuku mambo mengi kwa siku moja. Mengine nayaacha yapite.

Siku chache baadaye mgambo walikuja, asubuhi kweupe. Nilikuwa naanika nguo, na ukuta wetu haukuwa mrefu. Hawakugusa rafu za duka. Vyumbani hawakuingia. Walikwenda moja kwa moja stoo, wakaliweka kando sufuria la kwanza, wakafunua la pili. Sukari ikatiwa magunia, mwenye duka akapandishwa gari pamoja na magunia yake, akapelekwa rumande Musoma. Mkewe alisimama mlangoni ameshika fremu. Hakupiga hata yowe moja, na watu walimsifu kwa subira.

Kabla ya adhuhuri mji ulikuwa umepata jibu lake. Nani ana ufunguo wa pili? Nani alifunua sufuria la pili? Hapakuwa na haja ya baraza. Mama mkwe alipofika bombani mazungumzo yalikatika, na ndoo zikaanza kujaa haraka kuliko maji yenyewe. Mzee mmoja alikuja kuchukua suruali yake iliyokuwa na mguu mmoja tu umeshonwa. "Acha tu, fundi," alimwambia mume wangu, "nitaimalizia nyumbani." Kwake hapakuwa hata na sindano.

Waliosema ni mpelelezi walikuwa wachache. Waliobaki walisema ni mdomo wake tu, kwamba dua zake za bombani ndizo zilizofika kwa mgambo. Mimi mwenyewe nilikuwa upande huo, sitadanganya. Hata mume wangu nilimwona akimtazama mama yake kwa pembeni wakati wa chakula, akaona nimemwona, akainamia sahani. Mama mkwe naye si kipofu.

"Na wewe, mwanangu?" alimwuliza.

"Mimi sijasema kitu, mama."

"Ndiyo. Hujasema kitu."

Alilala bila kula, na mimi niliumia. Nilimpenda yule mama. Alikuwa amenifundisha kukaanga vitunguu vya watu mia bila kuunguza hata kimoja.

Kamati ya Maulidi ilipokuja, haikuja kumfukuza. Watu wetu hawafukuzi. Maalim alianza kwa afya yake, akaenda kwenye magoti yake, akafika kwenye moshi na macho. "Labda mwaka huu upumzike, mama. Vijana wapo."

"Nitapumzika mkishanizika," alisema. "Mwenye neno aliseme sasa, mwiko nitampa yeye."

Hakuna aliyekuwa na neno.  Mmoja akakohoa na kupendekeza kwamba sinia la kwanza liende kwa mgonjwa fulani wa mtaa wa chini, aliyekuwa na kidonda cha siku nyingi.

"Mwaka huu mtihani mkubwa uko nyumba gani?" aliuliza mama mkwe. "Semeni. Mnanyamaza nini? Nitalipeleka pale pale mnapopajua. Yule mama akilikataa, mtaukuta mwiko mlangoni pa msikiti."

Walipoondoka nilimwambia amejifunga kamba mwenyewe. Mwanamke ambaye mumewe yuko rumande, atapokeaje chakula mkononi mwa mtu anayesemwa kuwa ndiye aliyempeleka? Alinijibu kuwa kama mji hauwezi kumwambia usoni, basi aambiwe na mwenye haki ya kumwambia.

Siku ya Maulidi mkeka ulitandikwa. Kila mtu alikuja na mchele kidogo sana, kwenye mkebe wa dawa, kwenye ncha ya kanga, akaumwaga amegeuza mgongo. Ukileta mwingi utaulizwa umeutoa wapi. Usipoleta, utaulizwa unaficha nini. Tuliongezea viazi vitamu ili sufuria lijae. Wanawake wa kumsaidia walikuja, ila walifanya kazi wakitazama mikono yake. Alipotia chumvi nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwa kilugha maneno ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuyaelewa. Mkulima wetu tu, baada ya kuchinjiwa dume lake, ndiye aliyekuja hadi jikoni akamsalimu kwa mikono miwili. "Mama, leo tunakulaga saa ngapi?" aliuliza, na mama mkwe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msako.

Chakula kiliiva baada ya sala ya adhuhuri. Maji ya kunawa yalikuwa tayari kwenye mabirika, na hakuna aliyeyagusa. Mama mkwe alipakua sinia, akapanga minofu juu, akalitwika kichwani. Nilimfuata nyuma na birika. Nyuma yangu wakafuata wanawake, kwanza wachache, halafu wengi, wanaume wakabaki msikitini wameinua shingo. Nimehudhuria mazishi mengi, lakini sijatembea msafara wa kimya kama ule.

Mke wa mwenye duka alikuwa ameketi sebuleni. Mama mkwe alisimama kizingitini, sinia kichwani.

"Hodi, mwenzangu."

Yule mama aliinuka mara moja. Akaja, akalipokea sinia kwa mikono miwili, akalitua mkekani.

"Karibu, mama, mbona mmechelewa hivyo? Njaa imeniuma."

Alinawa, akavingirisha tonge, akala. Wala halikuwa tonge la heshima la kuonja na kuacha. Alikula kama mtu aliyetoka shamba. Alichagua mnofu, akatafuna, akalamba kidole. "Pilipili hamkutia?" aliuliza. Mlangoni mtu akapiga kigelegele, wengine wakadakia, na kikaenda mtaa kwa mtaa mpaka msikitini. Mama mkwe aliketi kitako akaanza kulia waziwazi, huku anakula. Nje nilisikia watu wameanza kunawa.

Nami nikakaa kando ya sinia, furaha imenijaa kifuani, mpaka nilipoangalia sakafu. Pembeni ya ukuta sakafu ilikuwa na pande jeupe lenye kona nne, safi, mahali ambapo kitu kizito kilikaa miaka mingi. Mgambo nilikuwa nimewaona kwa macho yangu. Vyumbani hawakuingia, sanduku hawakulibeba. Na nililiona Kitaji kabla hawajaja.

Nikaliacha tonge langu ukingoni mwa sinia. Nilifikiri hivi, na bado nafikiri hivyo: mji mzima ulimshuku mama mkwe. Mwanawe alimshuku. Mimi nilimshuku. Mtu mmoja tu hakumshuku hata kidogo, naye ndiye mwenye sababu kubwa kuliko sisi sote. Mtu hawezi kukosa shaka namna ile kwa sababu ya moyo mzuri. Anakosa shaka kwa sababu anajua.

Niliinua macho nikakuta ananitazama. Alisukuma mnofu upande wangu wa sinia.

"Kula, bi harusi."

Nilikula.

Usiniulize ushahidi, sina. Lisemwalo lipo, na baadaye lilisemwa: kwamba mwenye duka alikuwa ameposa binti huko Butiama, na sukari ile ilikuwa ya harusi. Haikuwa ya duka, na ya Maulidi ndiyo haikuwa kabisa. Alipotoka rumande posa ilikuwa imevunjika na mtaji umekwisha. Alirudi kwa mkewe mmoja, akaishi naye kwa adabu kubwa, na wala hakuoa tena. Mgambo wangeambiwa na yeyote. Mdomo wa mama mkwe pale bombani nao ulikuwepo. Lakini sanduku halitembei lenyewe.

Mama mkwe alipika Maulidi mengine mengi. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nikiwa namkanda miguu, nilimweleza habari za sanduku na lile pande jeupe sakafuni. Hakushtuka.

"Nilijua alipouliza pilipili," alisema. "Mke aliyenyang'anywa mume haulizi pilipili."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Alinirudishia mwiko wangu mbele ya watu. Nimwambie nini tena? Na wewe usije ukamwambia. Haya, uchukue, uko nyuma ya mlango."

Mwiko nikauchukua. Nyakati zikawa zimegeuka, kila kitu ruksa. Mitumba ilifika, watu wakaacha kushona, na mume wangu akabaki kupunguza suruali za Wazungu. Sukari ilikaa kwenye magunia wazi dukani, nzi wanaitembelea. Maulidini mkeka ulitoweka. Sasa mtu analeta gunia zima la mchele na jina lake linatangazwa kwenye kipaza sauti, na anayeleta kidogo anabaki nyumbani. Zamani tulificha tulichonacho, siku hizi tunaficha tusichonacho. Mkulima wetu alikufa, na mwanawe bado analeta dume, kwa gari.

Mimi nina mdomo kama mama mkwe, ila wangu una meno. Siku moja nilikwenda dukani kununua sukari, yule mke wa mwenye duka ananipimia mwenyewe, nywele zimekuwa nyeupe. Maneno yakanitoka.

"Mama, lile sanduku la njumu nililokaliaga siku ya harusi yangu, bado liko Kitaji kwa dada yako?"

Mkono wake ulisimama ndani ya gunia.

"Liko pale pale ukutani siku zote, bi harusi," alisema. "Halijawahi kutoka."

"Ahaa," nikasema. Nikapokea sukari yangu, na ilikuwa imezidi kipimo.

Kabla ya Maulidi ya mwaka huo huo mwenye duka alifariki, kifo cha uzee, kitandani kwake, mkewe amemshika mkono. Sinia la kwanza likawa la nyumba yao, na mpishi nilikuwa mimi. Nilipakua, nikapanga minofu, nikajitwika. Wanawake wakanifuata wanapiga soga, maana hakuna aliyekuwa na hofu na kitu. Nilipiga hodi pale pale kizingitini.

Alilipokea kwa mikono miwili kama mwaka ule, akalitua mkekani. Sanduku lilikuwa mahali pake, chini ya ukuta. Alinawa. Halafu akauweka mkono wake wenye maji ukingoni mwa sinia, akauacha hapo. Wanawake waliendelea na soga zao mlangoni. Mwaka wa msako hakumngoja mtu.

"Anza wewe, bi harusi," aliniambia.

Nikavingirisha tonge, nikalitia kinywani, nikatafuna. Alikuwa ananiangalia koo. Nilipomeza, ndipo alipochota.